Darsa ya Unguja Inapofika Sumbawanga

Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Masahaba zake.

Amma baad. Tangu skuli na madrasa zilipofungwa kwa maradhi ya korona Machi 2020, darsa za simu zimekuwa jambo la kawaida visiwani kwetu. Mwalimu anakaa Unguja au Pemba, wanaomsikiliza wako popote. Wengi katika nyinyi mnawachangia walimu hawa vifurushi vya intaneti, na baadhi yao ni vijana wenu. Ni kheri kubwa. Lakini tuiangalie kheri hiyo kwa jicho la mtoto aliyeko Sumbawanga, juu ya uwanda wa Ufipa mkoani Rukwa, ambako Waislamu ni wachache. Kwa mtoto huyo darsa ya simu huenda ndiyo madrasa yake yote.

Tuanze na saa. Unguja na Sumbawanga zinatumia saa moja, lakini jua halifuati saa ya serikali. Sumbawanga iko magharibi yetu kwa kiasi cha digrii saba na nusu za longitudo, na kila digrii ni dakika nne, hivyo jua la kule huchwa takriban nusu saa baada ya letu. Mwalimu anayefungua darsa "baada ya Maghribi" kwa saa ya msikiti wake, anamwita mwanafunzi wa Ufipa kabla adhana ya kwao haijatoka, kisha Maghribi inamkuta kijana katikati ya somo. Ama aliache somo, ama aicheleweshe Sala. Na mwezi wa Ramadhani akisikia mwalimu anasema "tumeshafuturu" naye akatia tende mdomoni, huyo amekula mchana. Kuisogeza darsa mpaka baada ya Isha ya Sumbawanga hakumgharimu mwalimu kitu.

Kubwa zaidi ni Fiqhi. Kitabu ni kile kile na madhehebu ni yale yale ya Imam Shafii, ila mfano ndio unaobeba somo. Mwalimu wa visiwani akisomesha zaka, mawazo yake huenda dukani na kwenye karafuu. Karafuu kwa Mashafii hazina zaka ya mazao kwa kuwa si chakula cha kutegemea; hutolewa zaka zikiwa mali ya biashara. Mtoto wa Kifipa akiondoka na mfano huo peke yake, atamwambia babake kuwa shamba halina zaka. Na babake amejaza ghala mahindi na ulezi, vyakula vinavyotegemewa na kuwekwa akiba, ambavyo ndivyo hasa vyenye zaka. Vikifika wasaki tano, nazo ni pishi 300, hutolewa sehemu moja ya kumi kwa kilimo cha mvua, na nusu ya hiyo kwa kilimo cha kumwagilia kwa gharama. Wala hakusubiriwi mwaka. Ni haki ya siku ya mavuno. Basi fukara wa kijiji kile amekosa haki yake kwa sababu mfano ulitoka Pemba. Zaka ya Fitri nayo ni hivyo hivyo: sisi tunapima mchele, wao wanapima chakula cha mji wao.

Lugha tusiipuuze. Tunadhani Kiswahili ni kimoja, lakini mwalimu akitaja tungule na mbatata, mtoto wa bara anayejua nyanya na viazi anaweza kudhani ni istilahi za Fiqhi! Sauti za th, dh na gh, ambazo watoto wetu wamezikuta nyumbani, kwa wengi wa bara ni ngeni, na simu yenye mtandao dhaifu huzifuta kabisa. Kumcheka mtoto kwa hilo mbele ya wenzake ni dhulma.

Tena kuna jambo la jamaa. Wamisionari Wakatoliki walianza kazi Karema, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, mwaka 1885, na hadi leo Ufipa ni nchi ya Wakatoliki wengi. Mtoto wa Kiislamu wa huko huenda bibi yake ni Mkristo, naye ndiye anayempikia. Mwalimu aliyezoea ukumbi wa Waislamu watupu hutupa maneno makali juu ya makafiri bila kufikiri nani anasikiliza jikoni. Bibi Asmaa binti Abubakar (R.A.) alimuuliza Mtume (S.A.W.) juu ya mama yake aliyekuwa mshirikina, akaamrishwa amuunge. Na alipomtuma Muadh (R.A.) Yemen, Mtume alimweleza kwanza kuwa anawaendea watu wa Kitabu, ndipo akampangia aanze na lipi na lifuate lipi.

Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992, kinasomesha kwa masafa, na hata hivyo kimeweka vituo mikoani, Rukwa ikiwemo. Kimejua kwamba mwanafunzi wa mbali anahitaji mtu wa karibu. Nasi tunaona sehemu ya michango inayokwenda kwenye vifurushi vya Unguja ipelekwe kwa mwalimu Muislamu aliyezaliwa huko huko: akae na watoto msikitini, asikilize darsa pamoja nao, asahihishe herufi akiwatazama midomo, na ageuze karafuu kuwa ulezi.

Wallahu aalam.