Tulalamikie kipimo, si jirani

Leo ninataka kuongea juu ya mchezo ambao hapa Likasi hatuuchezi: mchezo wa wanawake wanaoteleza juu ya barafu. Uwanja wake ni maji yaliyoganda. Mchezaji anavaa viatu vyenye chuma chembamba chini, anacheza kwa muziki, anaruka, anazunguka hewani mara tatu, kisha anatua kwa mguu mmoja. Pembeni wamekaa majaji wanaoandika alama. Nimeandika kwa sababu ya hao majaji, na kwa sababu ya dada mmoja mweusi aliyewajibu kwa namna mbili. Namna moja inatufaa hapa Panda, nyingine haitufai.

Jina lake ni Surya Bonaly. Alizaliwa Nice, Ufaransa, mwaka 1973, na akalelewa na wazazi waliompokea angali mtoto mchanga. Alikuwa bingwa wa Ufaransa mara 9 na bingwa wa Ulaya mara 5 mfululizo, toka 1991 mpaka 1995. Hakuwa mweusi wa kwanza kung'aa katika mchezo huo. Mmarekani Debi Thomas alikuwa bingwa wa dunia mwaka 1986, na mwaka 1988 kule Calgary, Canada, alipata shaba. Ilikuwa mara ya kwanza mtu mweusi kupata medali katika Olimpiki za majira ya baridi. Lakini Bonaly alikuwa na nguvu ya kuruka ambayo wanawake wengi wa wakati wake hawakuwa nayo.

Majaji walimhesabia kuruka kwake, lakini walisema hana urembo wa kutosha katika mwendo. Huenda kulikuwa na ukweli ndani yake, maana kuteleza kwa ulaini ni sehemu ya mchezo. Shida ni kwamba siku hizo alama zilitolewa kwa jumla, mwisho wake 6.0, na mchezaji hakuonyeshwa kila kitu alichofanya kimepewa thamani gani. Neno "urembo" liliweza kubeba chochote ambacho jaji amekificha moyoni.

Machi 1994, kwenye ubingwa wa dunia kule Chiba, Japani, Bonaly na Mjapani Yuka Sato walikaribiana sana. Kati ya majaji 9, watano walimchagua Sato na wanne wakamchagua Bonaly. Wakati wa kupewa medali, Bonaly alikataa kupanda jukwaa, akasimama chini, kando yake. Walipomvalisha medali ya fedha, aliivua shingoni. Watazamaji wakamzomea, naye akalia mbele ya watu wote.

Ninaelewa machozi yale. Lakini tumwangalie pia Yuka Sato. Siye aliyeandika alama, siye aliyeweka sheria. Alicheza vizuri, nyumbani kwake, siku kubwa kuliko zote za maisha yake ya mchezo, na siku hiyo ikaharibiwa na ugomvi ambao haukuwa wake. Bonaly alikuwa na neno na majaji, lakini aliyelipa ni mwenzake.

Sasa tuende mwaka 1998, Olimpiki ya Nagano, Japani tena. Bonaly alikuwa na miaka 24, na miaka miwili kabla alikuwa amekatika mshipa wa kisigino. Medali ilikuwa imeshamponyoka. Katikati ya mchezo wake wa mwisho akajirusha kinyumenyume, miguu juu, kichwa chini, akatua kwa mguu mmoja. Mruko huo wa kinyumenyume ulikuwa umekatazwa toka miaka ya 1970. Alijua utampunguzia alama, akaufanya. Alimaliza wa 10. Dhahabu ilienda kwa Mmarekani Tara Lipinski, mtoto wa miaka 15, na hakuna kitu Bonaly alimpokonya. Safari hii deni aliliweka juu ya meza ya wenye deni, yaani majaji na sheria zao.

Mtu ataniuliza: alipata nini? Nafasi ya 10 hailishi mtu. Ni kweli, wala siwezi kusema kwamba mruko mmoja ulibadilisha mchezo. Kilichobadilisha alama ni aibu iliyotokea mwaka 2002 kule Salt Lake City, jaji mmoja aliposema alishinikizwa katika kupiga kura, mpaka ikabidi itolewe dhahabu ya pili. Toka 2004 kila mruko na kila mzunguko una bei yake iliyoandikwa mapema, na mchezaji anaweza kusoma alipopata na alipopoteza. Na mwaka 2024 katazo la mruko wa kinyumenyume liliondolewa. Vijana wanaoufanya leo wanafanya kitu ambacho dada yule aliadhibiwa kwa ajili yake.

Turudi nyumbani. Mama zetu wanajua habari hii kuliko mimi. Ukienda sokoni kununua unga, ukakuta kitako cha meka kimebonyezwa kwenda ndani, hugombani na mama aliyepimiwa mbele yako. Unamwonyesha muuzaji meka yake. Lakini msaada unapofika kwenye kartie, tunasahau akili hiyo. Mwenyeji anasema: "Hawa waliokuja juzi wanapewa, sisi tuliowapokea hatuna kitu." Aliyekimbia vita anasema: "Wenye mji wamejiandika, sisi tumerukwa." Wote wawili huenda wana haki ya kulalamika, na wote wawili wanaangalia upande usiofaa. Liste ina mwandishi wake. Nani aliandika? Kwa kufuata nini? Nani aliiona kabla haijafungwa?

Mji wetu unajua gharama ya kukosea adui. Mwaka 1992 na 1993, maneno juu ya kazi na vyeo yaligeuzwa kuwa hasira kwa majirani wenye asili ya Kasai. Maelfu walifukuzwa nyumbani mwao, wakalala kwenye gare ya Likasi wakingoja treni, na wengine walifia pale. Je, waliobaki walipata haki kwa sababu jirani ameondoka? Wazee wa Panda waliofanya kazi Gécamines wanaweza kujibu wenyewe.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya. Kila liste ya msaada isomwe kwa sauti mbele ya watu kabla ya kugawa, na sababu za kuandikwa zisomwe pamoja nayo. Pale inapoandikwa, akae mwenyeji mmoja na mtu mmoja wa familia zilizokimbia, na mmoja wao awe mwanamke. Tufanye vilevile kwa nafasi za watoto shuleni, hata kwa mashindano ya kwaya na dansi ya vijana: alama zitangazwe, si jina la mshindi peke yake. Mtoto aliyekuja na lafudhi nyingine aweze kujua alishindwa wapi, ili kesho ajaribu tena bila kumchukia aliyemshinda.

Na ukiona umeonewa, sema, usinyamaze. Uliza kwa aliyeshika kalamu. Mama aliye nyuma yako kwenye mstari hana kalamu, naye pia ana watoto wanaongoja unga.