Masisi na Walikale: tunaongeza mzigo, freni tunaisahau

Gari linalotayarishwa kwenda Masisi au Walikale hufanyiwa kazi nyingi garajini. Fundi anaongeza lame za resori ili libebe zaidi. Anainua mbao za pembeni ili magunia ya maharagwe na viazi yapande juu. Anatafuta pneu zenye meno ya kushika matope. Freni je? Hizo zinaangaliwa siku zikikataa.

Maoni yangu ni kwamba mwenye kuongeza uzito bila kuongeza nguvu ya kusimamisha anaweka watu katika hatari, na sisi wote tumezoea kuona jambo hilo kuwa la kawaida.

Wenye magari ya mbio huko Ulaya wanajua kanuni hii vizuri. Akiongeza nguvu ya moteri, mtu anabadilisha pia freni: disiki kubwa zaidi, plaketi zinazovumilia joto, mafuta mapya. Tangu 2001 kampuni ya Porsche inatoa hata disiki za kauri kwa baadhi ya magari yake. Yule tajiri anakimbia peke yake katika uwanja uliotengenezwa. Kwetu, kamyo iliyojaa inashuka milima ya Masisi ikiwa na mama na watoto juu ya magunia, lakini freni ni zile ilizonunuliwa nazo, tena zimekwisha.

Tuelewe freni inavyofanya kazi. Inageuza mwendo wa gari kuwa joto. Uzito ukizidi na mteremko ukiwa mrefu, joto linazidi pia, na linafikia mafuta ya freni. Mafuta mapya ya aina ya DOT 4 hayachemki kabla ya digri 230. Lakini mafuta hayo yana tabia ya kunyonya unyevu wa hewa, na yakishanyonya maji, yanaweza kuchemka kwenye digri 155 tu. Ndiyo sababu mafundi wengi wanashauri kuyabadilisha kila miaka miwili. Katika unyevu wa msitu wa Walikale, shauri hilo si la kupuuza. Mafuta yakichemka yanatoa mvuke, pedali inazama mpaka chini, na gari halisimami. Wapo hata wanaoongeza maji ya sabuni mafuta yakipungua. Maji yanachemka karibu na digri 100. Huyo hajatengeneza kitu.

Kuna tabia nyingine mbaya: kuchomoa vitesi kwenye mteremko ili kuokoa mazutu. Dereva anayeshuka na vitesi ndogo anasaidiwa na moteri kuzuia gari. Aliyechomoa ameachia freni kazi yote. Ndipo tunamwona msaidizi wake akikimbia na gogo mkononi ili alitupe mbele ya gurudumu. Gogo hilo limekuwa freni ya mwisho, na kijana huyo ndiye anayepondwa wa kwanza.

Najua jibu la wenye magari: barabara ni mbovu, piesi ni ghali, na nyingi sokoni ni za bandia. Yote ni kweli. Mfuko wa FONER uliundwa 2008 kwa ajili ya kutunza barabara, na kila mtu anayepita Nyabiondo wakati wa mvua anaweza kujibu kama umemfikia. Lakini barabara mbovu inadai freni nzuri zaidi. Tope na mchanga vinakula plaketi haraka kuliko lami.

Tena, pesa zipo, ila zinakwenda pengine. Masisi-Centre iliingia mikononi mwa M23 Januari 2025. Walikale-Centre ilitekwa Machi mwaka huo, kisha waasi wakaondoka Aprili. Kila anayeshika barabara anaweka barieri. Dereva analipa hapa, analipa pale, lakini hakuna anayemwuliza: freni zako zikoje? Mteremko nao hauulizi nani anatawala.

Sheria ya barabara iko tangu tarehe 30 Agosti 1978. Hatuna haja ya kungojea nyingine. Vyama vya madereva kama ACCO, na vyama vya wamotari, vinaweza kuanza kesho: fundi mmoja anayeaminika kwenye kila parkingi, anaangalia mafuta, plaketi na mipira ya freni kabla mzigo haujapakiwa. Gari lililoongezwa lame bila freni kutengenezwa lisipewe zamu. Nao wafanyabiashara wenye mizigo waache kumsukuma dereva apakie tani mbili zaidi.

Nasi abiria tuna sauti. Tunabishana na konvwayeri kuhusu bei ya nafasi, hatubishani naye kuhusu pedali. Hata tshukudu yetu ya mbao, inayoshuka na makaa na viazi, huwekewa kipande cha pneu ya zamani juu ya gurudumu la nyuma ili mwenyewe akikanyage kwa mguu. Seremala asiye na diploma alielewa kwamba kinachobeba mzigo lazima kiwe na njia ya kusimama. Mwenye kamyo ya maelfu ya dola hana kisingizio.