Kabla ya Kumtuhumu Mwamuzi, Tujue Kuotea ni Nini



Ndugu wasomaji, wiki hii tunazungumzia jambo ambalo wengi wataliona kuwa ni la mchezo tu, ilhali limekuwa likiingiza maneno mazito majumbani mwetu. Goli linakataliwa kwa kuotea, na papo hapo mzazi anatamka mbele ya wanawe kwamba mwamuzi amekula rushwa. Watoto wanalisikia neno hilo, na kesho yake wanalirudia kwa wenzao kama habari iliyothibitika. Kumtuhumu mtu rushwa ni kuigusa heshima yake, na mara nyingi anayetuhumu hata sheria yenyewe haijui.

Kuotea ni sheria ya 11 kati ya sheria 17 za mpira wa miguu. Mchezaji huwa mahali pa kuotea iwapo sehemu yoyote ya kichwa, kiwiliwili au miguu yake imo katika nusu ya wapinzani, na iko karibu zaidi na mstari wa goli lao kuliko mpira na kuliko mpinzani wa pili kutoka mwisho. Mikono haihesabiwi, si ya mshambuliaji, si ya beki, wala ya kipa. Aliye sambamba na mpinzani huyo hajaotea, na ndivyo ilivyo tangu mwaka 1990.

Hapa pana kosa la kwanza la watazamaji. Sisi husema "beki wa mwisho", lakini sheria haimtaji beki wala kipa. Inahesabu wapinzani wawili wa mwisho, wawe nani. Kwa kawaida mmoja wao ni kipa. Kipa akitoka na kupanda mbele, mshambuliaji anaweza kuwa na beki mmoja baina yake na goli, na bado akawa ameotea.

Kosa la pili ni la wakati. Mahali pa mchezaji hupimwa pale mwenzake anapougusa mpira kumpelekea, si pale yeye anapoupokea. Mwenye mbio huweza kuupokea akiwa hatua tano nyuma ya mabeki wote, na goli likawa halali kabisa, kwa kuwa alipopigiwa alikuwa bado sambamba nao.

Kosa la tatu ndilo kubwa. Neno kuotea katika lugha yetu lina maana ya kuvizia, na baadhi ya watangazaji husema mchezaji "amejenga kibanda". Misemo hiyo inatufanya tudhani kwamba kusimama pale ni kosa. Sivyo. Sheria haimwadhibu mtu kwa mahali alipo, wala haiulizi alinuia nini. Huadhibiwa akishiriki: akiucheza mpira aliopigiwa na mwenzake, akimzuia mpinzani kuona au kuufikia mpira, au akinufaika na mpira uliogonga mwamba au kupanguliwa na kipa. Na anayepokea moja kwa moja mpira wa kurushwa, wa kona, au ule unaoanzishwa golini, hana kosa la kuotea.

Sasa tumtazame mshika kibendera. Anatakiwa akae sambamba na mpinzani wa pili kutoka mwisho, huku ajue ni lini hasa mguu wa mpigaji, ambaye pengine yuko mita arobaini mbali, umeugusa mpira. Macho mawili, sehemu mbili, kwa wakati mmoja. Sisi tulio jukwaani au mbele ya televisheni huwa tunatazama kwa pembe ya mshazari, nayo pembe hiyo humsogeza mtu mbele au nyuma ya mahali alipo kweli.

Tukumbuke Kombe la Dunia nchini Qatar, Novemba 22, 2022, katika uwanja wa Lusail. Argentina ilikataliwa magoli matatu kwa kuotea katika kipindi cha kwanza, moja la Lionel Messi na mawili ya Lautaro Martínez. Saudi Arabia, iliyokuwa imewapanga mabeki wake mbali na goli lao kwa makusudi, ikashinda 2-1. Katika mashindano hayo kamera 12 zilizofungwa chini ya paa zilikuwa zikifuatilia viungo vya wachezaji mara 50 kwa sekunde, na kifaa ndani ya mpira kikitoa taarifa mara 500 kwa sekunde. Pamoja na yote hayo, uamuzi ulibaki mikononi mwa waamuzi. Ikiwa chombo kinahitaji macho mengi kiasi hicho kupima hatua moja, jicho letu la sebuleni lina haki gani ya kuapa?

Wengi wetu tulifurahi siku ile, na hakuna aliyesema mwamuzi amehongwa. Sheria hiyohiyo inapoiangukia timu yetu, ndipo tunapoiita dhuluma. Aya ya 135 ya Suratun Nisaa inatutaka tusimamie uadilifu hata dhidi ya nafsi zetu na jamaa zetu, na aya ya 6 ya Suratul Hujuraat inatuamrisha kuhakikisha habari tusije tukawadhuru watu kwa ujinga. Amri hizo hazikomi kwenye mlango wa uwanja.

Mwamuzi ni binadamu, naye hukosea. Kusema "amekosea" ni rai. Kusema "amehongwa" ni tuhuma inayotaka ushahidi. Tuwafunze wanetu tofauti hiyo. Tuchukue vikombe vinne na gololi moja mezani, tuwaonyeshe kipa, beki, mpigaji na mshambuliaji, kisha tuwaulize mambo matatu: alikuwa wapi, lini, na alifanya nini? Mtoto aliyezoea kuuliza hayo kuhusu goli atayauliza pia atakapoletewa maneno kuhusu jirani au ndugu yake.

Tunamuomba Allah (s.w.) azihifadhi ndimi zetu na atujaalie uadilifu tunapopenda na tunapochukia. Aamin.