Mashauri ya Nyumbani: Mzigo wa Mwenzio

Mwezi huu twapenda kunena juu ya jambo lililomo katika nyumba nyingi za Wakristo, nalo huondoa amani kimya kimya: mume au mke aliyeelemewa na kazi, wala hajui kukataa neno aombwalo.

Mtu huyu si mvivu wala si mlevi. Pengine ni mwalimu au mwuguzi, tena ni mzee wa kanisa, tena mwandishi wa chama cha akiba, tena ndiye aitwaye kila msiba utokeapo. Hutoka alfajiri, hurudi usiku. Watoto wakimwuliza neno, hujibu kwa ukali. Shirika la Afya Ulimwenguni mwaka 2019 lilieleza ya kuwa uchovu wa namna hii watokana na kazi, nalo halikuuhesabu kuwa ugonjwa. Dalili zake ni tatu: nguvu kwisha, moyo kuichukia kazi, na kazi yenyewe kupungua uzuri. Tena mwaka 2021 shirika hilo na Shirika la Kazi Duniani yalitangaza ya kuwa kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa juma huzidisha hatari ya kupatwa na kiharusi. Basi si jambo la kuchekea.

Wahenga walisema, Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ndivyo ilivyo hata katika ndoa. Wako wasemao, "Mbona wenzake hawachoki?" Wako na walalamikao kila jioni, na mtu aliyelaumiwa kazini, akilaumiwa na nyumbani pia, hutafuta sababu ya kukawia kurudi.

Mtazameni Yethro, mkwewe Musa, katika Kutoka 18. Alimletea Musa mkewe Sipora na wana wao wawili, na kesho yake akamwona ameketi kuwaamua watu tangu asubuhi hata jioni. Hakumcheka, wala hakumpokonya kazi. Alitazama, akauliza, ndipo akamwonya ya kuwa atajichosha yeye na watu wake pia. Akamshauri achague watu waaminifu wa kuamua mambo madogo. Angalieni basi: kazi ile ilikuwa ya Mungu, walakini ilizidi nguvu za mtu mmoja.

Nasi twashauri hivi. Kwanza, chakula na usingizi. Eliya alipochoka hata kuomba kufa, malaika hakuanza na mahubiri. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale tena.

Pili, ketini siku ya utulivu, si usiku arudipo, mkaziandike kazi zake zote. Ulizaneni: ipi ni wajibu wake, ipi yaweza kupewa mwingine, ipi aliipokea kwa kuona haya tu? Aiache moja, naye achague mwenyewe.

Tatu, na hili ndilo gumu: kubalini hasara yake. Ikiwa kazi aiachayo ilileta fedha, mwenzi naye akubali kukosa nguo mpya ya sikukuu. Hatuwezi kumwambia mtu apumzike, na huku twamdai. Na ikiwa aliyechoka ni mke, mume ateke maji, apike na uji, si aibu. Kumwonea huruma mkeo huku umeketi ukingoja chakula si kumsaidia.

Nne, shikeni siku ya kupumzika. Katika Tanzania sheria ya kazi ya mwaka 2004 humpa mfanyakazi mapumziko ya saa 24 mfululizo kila juma, na likizo ya siku 28 kwa mwaka. Lakini wengi huona haya kuiomba haki yao.

Akizidi kukosa usingizi, au akisema ya kuwa maisha hayana maana, mpelekeni hospitali upesi, wala msimwache peke yake. Kutibiwa si upungufu wa imani. Nawe umsaidiaye, usiyafiche yote moyoni. Mwendee mchungaji au msimamizi wa ndoa yenu, usije ukaanguka nawe.

Kanisa litapata mzee mwingine, na chama mwandishi mwingine. Watoto wenu hawana baba wala mama mwingine. Bwana awape kuchukuliana mizigo.