Riziki Haigawiwi na Mashine

 

Wazee wetu na mama zetu mlioko Tanga, Pangani, Mombasa, Lamu, Unguja na Pemba: watoto wenu wengi hawaendi tena baharini wala shambani kutafuta riziki. Wamepanda bara. Katika kata ya Daraja Mbili, jijini Arusha, chini ya Mlima Meru, utawakuta katika vyumba vya kupanga, kompyuta mapajani, wakiandika programu: za kupokea wageni wa mbugani, za hesabu za maduka, za malipo kwa simu. Ni kazi ya halali, tena ya heshima. Lakini nyoyo zao zimevunjika. Mama akipiga simu kuuliza hali hujibiwa, "Sijambo, alhamdulillahi," na usiku ule ule kijana yule hapati usingizi.

Twataka tuseme leo ni nini kinachowavunja nyoyo, na ni nani mwenye makosa.

Wengi wasema mwenye makosa ni mashine. Yaani hii iitwayo akili mnemba, kompyuta iliyolishwa maandishi mengi mno hata ikaweza kujibu maswali na kuandika programu kwa amri ya mtu. Sisi twasema sivyo. Mashine haikumkosea mtu. Makosa ni ya mabwana walioifanya mashine kuwa fimbo, na makosa ni yetu sisi tunaowaambia vijana wavumilie fimbo hiyo, kisha tukaiita subira.

Fimbo yenyewe ni hii. Tumewasikiliza vijana hawa baada ya sala ya Isha, na habari zao zafanana kama waliotoka nyumba moja. Kazi ya wiki mbili yatakiwa siku tatu, kwa hoja kwamba "siku hizi mashine yasaidia". Mshahara wachelewa, na mwenye kuuliza huambiwa, "Kama huwezi, mashine yaweza." Aliyekosea hukemewa mbele ya wenziwe wote katika kundi la simu, saa nne za usiku. Mkutano wa kazi huwekwa Ijumaa saa saba mchana, na mwenye kuomba ruhusa ya kwenda msikitini huhesabiwa mvivu. Jee, katika haya yote, lipi limefanywa na mashine? Hapana hata moja. Kiburi, uchelewesho wa ujira na kumvunjia mtu heshima vilikuwako kabla ya umeme.

Wala dawa si kuikimbia kompyuta. Nchi hii ilikwisha kujaribu. Mwaka 1974 Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na marufuku hayo yakadumu hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990. Leo benki, bandari na hospitali haziendi bila ya kompyuta. Na elimu hii si ngeni kwetu Waislamu. Al-Khwarizmi, mwanachuoni wa Baghdad wa karne ya 9 Miladia, ndiye ambaye jina lake limezaa neno algorithi, yaani zile hatua za hesabu ambazo kompyuta huzifuata. Mjukuu hakimbii mali ya babu yake.

Tena, sifa zinazotolewa juu ya mashine hii zapita kiasi. Mwaka 2025 watafiti wa taasisi ya METR ya Marekani waliwachukua waandishi wa programu 16 wenye uzoefu wakawapa kazi 246, nyingine waruhusiwe kutumia akili mnemba na nyingine wasiruhusiwe. Waandishi hao walidhani mashine imewaharakisha kwa asilimia 20. Walipopimwa kwa saa ilionekana imewachelewesha kwa asilimia 19. Hatusemi kwamba ndivyo ilivyo kwa kila mtu na kila kazi, na mashine hizi zabadilika upesi. Twasema tu kwamba bwana anayepunguza siku za kazi kwa dhana, bila ya kupima, anahukumu kwa dhana. Na dhana si elimu.

Na wale wanaodhani mashine hii hujiendea yenyewe, na watazame Nairobi. Mnamo Januari 2023 gazeti la TIME la Marekani lilieleza habari za Wakenya walioajiriwa na kampuni ya Sama kusoma na kupanga maandishi machafu, ya mauaji na ya kunajisi watoto, ili akili mnemba ya OpenAI ifundishwe kuyatambua. Kwa maelezo ya gazeti hilo, mikataba ilitaja dola 12.50 kwa saa kwa kampuni, na wafanyakazi wakapata mkononi baina ya dola 1.32 na dola 2. Mashine iliyosemwa kuwa haihitaji watu ilisafishwa kwa macho ya vijana wa Afrika Mashariki, nao wakabaki na jinamizi. Lakini hawakukaa kimya. Tarehe 1 Mei 2023 zaidi ya wafanyakazi 150 wa kazi za namna hiyo walikutana Nairobi wakapiga kura kuunda chama chao. Hilo ni funzo kwa Daraja Mbili: mmoja akilalamika huitwa mkorofi, na mia wakisema husikilizwa.

Wako watakaotujibu: "Bora washukuru wana kazi. Wangapi wako barazani hawana?" Twawajibu kwamba shukrani ni ya Mwenyezi Mungu, na haimpi bwana ruhusa ya kudhulumu. Wako pia watakaosema: "Dini yetu yaamrisha subira." Ndiyo, yaamrisha. Lakini subira ni juu ya ugonjwa, msiba na uzito wa ibada. Kumwona dhalimu akidhulumu, nawe waweza kusema, ukanyamaza, huko si kusubiri; ni kumsaidia.

Tazameni kisa cha Nabii Musa (A.S.) katika Suratul Qasas. Alifika Madyan hali ni mkimbizi, hana mali wala jamaa. Hapana mtu mnyonge kuliko huyo mbele ya tajiri. Mzee wa Madyan angeweza kumtumikisha apendavyo. Lakini alikaa naye wakapatana kazi kwa muda unaojulikana: miaka 8, na akitimiza 10, hiyo miwili ni hiari yake Musa. Kisha mzee akasema wazi kwamba hataki kumtia mashakani. Yatieni akilini mambo haya matatu: muda ulitajwa, ziada ikawa hiari, na mwajiri akaahidi kutomtesa mwajiriwa. Basi bwana wa leo anayemwamsha kijana usiku wa manane kwa ujumbe wa simu, bila ya malipo wala radhi yake, na ajilinganishe na mzee huyo aone tofauti.

Na sheria ya nchi haiko mbali na hayo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania Bara ya mwaka 2004 yaweka saa za kawaida zisizidi 9 kwa siku na 45 kwa wiki. Kazi ya ziada ni kwa makubaliano, haizidi saa 50 katika wiki nne, na hulipwa mara moja na nusu ya ujira wa kawaida. Mwajiri akitaka kupunguza watu kwa sababu mitambo imebadilika, yampasa awape habari kwanza na ashauriane nao. Na aliyefanya kazi mwaka mmoja au zaidi akipunguzwa hivyo hulipwa angalau mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka kamili, hadi miaka 10. Mwenye kuachishwa kwa dhulma ana siku 30 kupeleka shauri lake mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Vijana wetu waweza kuandika programu ya kurasa elfu, na haki zao za ukurasa mmoja hawazijui!

Sasa tuna maneno kwa watu wa aina tatu.

Kwanza, nyinyi vijana. Hima ya kazi haitoki kwa bwana, hata akikusifu. Na inayotoka kwake huondoka naye. Yatoka katika nia. Unapoandika programu ya kupima dawa za wagonjwa, au ya kuhesabu zaka na michango ya msikiti, umebeba amana ya watu ambao hutawaona. Mashine si mukallaf, yaani haibebi taklifa ya sheria: haina thawabu wala dhambi, na Siku ya Hisabu haitaulizwa. Utaulizwa wewe. Basi itumie kama seremala atumiavyo randa, jifunze kuliko jana, na kila ilichokuandikia kisome kabla ya kukitoa. Anayechukua kazi ya mashine asiyoielewa akaiuza kwa jina lake, huyo ni ndugu wa mwenye kupunja mizani, na Suratul Mutaffifin yamhusu. Na pale mlipo, shikamaneni. Andikeni saa zenu na ahadi mlizopewa. Dhulma ikizidi na mlango mwingine ukiwepo, ondokeni; ardhi ya Mungu ina wasaa.

Pili, nyinyi wazazi. Msimpime mtoto kwa fedha za simu azitumazo mwisho wa mwezi. Kijana aliyeajiriwa huko bara abeba karo ya wadogo zake, dawa za bibi na mchango wa harusi, na kwa ajili hiyo haoni njia ya kumwambia bwana "la". Sisi ndio tuliomfunga mikono. Mwulizeni: "Walala? Wala? Wasali kwa nafasi? Wavunjiwa heshima?" Na akisema amechoka, msimwambie aibu ya mtu kurudi nyumbani mikono mitupu. Mlango wa nyumba yenu ukiwa wazi, fimbo ya bwana hupungua uzito.

Tatu, nyinyi Waislamu wenye kampuni. Wako miongoni mwenu wanaokaa safu ya mbele msikitini, na ujira wa vijana wao una miezi miwili haujalipwa. Mtume wetu (S.A.W.) amefundisha kwamba ujira wa mfanyakazi usicheleweshwe. Msitafute udhuru wa kompyuta katika jambo la mizani. Mashine mliyoinunua kwa mkopo mwailipia kila mwezi bila ya kuchelewa, kwa kuwa mkichelewa itazimwa. Mwanadamu mwamchelewesha kwa kuwa mwajua hatazima. Ataendelea, atainama, atanyamaza, mpaka siku moja akili yake izime kweli.

Riziki haigawiwi na mashine, wala na mwenye mashine. Mgawaji ni Yeye aliyeiumba mikono iliyoitengeneza. Mwenye kulijua hilo hufanya kazi yake vizuri bila ya kumwabudu bwana, na huidai haki yake bila ya kutetemeka.

Twamuomba Mwenyezi Mungu awape vijana wetu walio Arusha na kwingineko nguvu na elimu yenye manufaa, awalinde na dhulma za wenye nguvu, na atulinde sisi tusiwe wenye kuzinyamazia. Amin.