Kabla ya kuuza hisa, jua nani hulipwa kwanza

Wajasiriamali wengi huzipenda fedha za mwekezaji kwa kuwa si mkopo na hazina riba. Wasichokiangalia ni nani atalipwa kwanza kampuni ikiuzwa.

FanDuel, kampuni ya michezo ya kubashiri iliyoanzishwa Edinburgh, Scotland, mwaka 2009, ilithaminiwa dola milioni 465 ilipoungana na biashara ya Paddy Power Betfair ya Marekani mwaka 2018. Mkataba uliwapa wawekezaji haki ya dola milioni 559 za mwanzo, zaidi ya thamani yote. Waanzilishi wakaambulia patupu.

Anayetafuta mbia wa kiwanda cha maziwa au duka la pembejeo asihesabu asilimia ya hisa tu. Asome kifungu cha malipo kabla ya kutia saini.