Kusomea meno: geti ni Fizikia, siyo digrii

Arusha. Kutibu na kusafisha meno ya watu si lazima uanzie digrii ya miaka 5 pale Muhimbili. Ipo stashahada ya Utabibu wa Kinywa na Meno, miaka 3, chini ya NACTVET.

Sifa? Angalau D nne za kidato cha nne, masomo ya dini hayahesabiwi, na lazima ziwemo Kemia, Baiolojia na Fizikia. Hapo ndipo pagumu: aliyeacha Fizikia akiingia kidato cha tatu ameshajifungia mlango, hata akipata A ya Baiolojia.

Kwa kijana wa Kaloleni hili si dogo. Maji mengi kuzunguka Mlima Meru yana madini ya floraidi kupita kiasi, na mtoto anayeyanywa meno yakiwa bado yanajijenga huota meno yenye madoa ya kahawia. Madoa hayo yamo ndani ya jino, kusugua hakuyatoi. Arusha inahitaji watu waliosomea kutofautisha floraidi na uchafu.

Kwa hiyo mzazi, usisubiri matokeo. Uamuzi unaanza siku mtoto anapochagua masomo. Na kabla ya kulipa ada, hakikisha chuo kimesajiliwa NACTVET.